Wale wa Tongoni Waliokosea Pamoja

Kazi ya kufundisha watu nisiowaona niliianza kwa makelele. Chuo kilinipa stoo iliyotundikwa mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, kinasa sauti kimoja cha kanda, na fundi wa mitambo aliyekuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa kucheka. Nikakaa mbele ya maikrofoni nikaanza kufoka nilivyozoea darasani. "Wewe wa nyuma, acha kuzungumza!" Fundi akazima mashine. "Mwalimu," akaniuliza, "wa nyuma nani? Nyuma huko mna magunia." Nikamwambia ashike kazi yake na mdomo wake aufungie kabatini. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Nguvumali mjini Tanga. Ni kweli, huko nyuma kuna nani?

Wanafunzi wangu walikuwa walimu. Nchi ilipoamua kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki na kuambiwa wafundishe huku wao wenyewe wakijifunza. Sisi chuoni tuliwafikia kwa mbali. Tuliwapelekea kijitabu cha masomo kwa posta, tukawa na kipindi cha redio mara moja kwa wiki, na mwisho wa kila somo palikuwa na maswali ya kujibu na kuturudishia. Walimu wa vijiji vya jirani walikusanyika penye redio, na mahali hapo tukapaita kituo. Kanda zangu zilipanda basi kwenda Dar es Salaam, kisha sauti yangu ikarudi Tanga kwa njia ya hewa, nami nikajisikiliza jikoni nikichagua mawe kwenye mchele, siku niliyobahatika kuupata huo mchele.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya kupanga foleni kwanza, ndipo uulize wanauza nini. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo vijitabu tulivichapa pande zote mbili, na wino ulipenya hata ukawa unasoma hesabu na siasa kwa pamoja. Betri ndiyo usiseme. Watu walizianika juani zipate nguvu ya kipindi kimoja tu. Nikiongea mle stooni nilijua kuna mtu ameanika betri zake tangu asubuhi kwa ajili yangu, na jambo hilo lilinitia adabu. Niliacha zile hotuba ndefu za kufungulia kipindi.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Vitu vikarudi madukani, betri mpya zikatoka Mombasa, mitumba ikamwagwa chini barabarani watu wakawa wanachagua huku wameinama. Tukafurahi. Lakini upepo huohuo uliotuletea sabuni ulituletea na habari kwamba serikali inapunguza watu, na mwalimu asiye na cheti asitegemee kubaki. Hapo masomo yetu yakawa kufa na kupona. Mtu aliyekuwa akinijibu kwa kuniridhisha sasa alikuwa akitetea unga wa watoto wake.

Ndipo yakaja majibu ya kituo cha Tongoni.

Swali lilikuwa dogo: nusu ukiigawanya kwa robo unapata ngapi? Jibu ni mbili. Tongoni nzima waliandika thumuni, yaani moja ya nane. Si mmoja wala wawili, kituo kizima, wote thumuni. Nikarudi kwenye majibu yao ya nyuma. Wakipata, wamepata wote. Wakikosa, wamekosa wote, na kosa lilelile.

Mkuu wangu wa idara hakuwa na muda wa mafumbo. "Wanaigana hawa," alisema. "Nakifuta kituo."

Kukifuta kituo maana yake hakuna mtihani. Pasipo mtihani hakuna cheti, na pasipo cheti hakuna kazi. Nikamwambia, "Mkuu, mwizi gani huyu anayeiba kitu kibovu? Anayeiga humtafuta anayejua. Hawa kila mara wanamuiga aliyekosa?"

"Basi ni wezi wajinga."

"Hapana bwana, hapa pana kitu!" Nilikuwa nimeshapandisha sauti, kama kawaida yangu. Marehemu mama alikuwa akisema pua yangu hii itakuja kuniingiza kwenye vyungu vya watu. Lakini kweli nilikuwa siwezi kulala na jambo nisilolijua. Mkuu akaniangalia, akachoka, akanipa ruhusa niende nikaone kwa macho yangu kabla hajatia saini.

Nilifika Tongoni siku ya kipindi, kwa makusudi. Kituo chao kilikuwa baraza ya mwalimu mkuu wa shule, mzee mwenye kanzu safi na miwani iliyofungwa uzi. Alianza zamani kwa kufundisha watu wazima kusoma, kisha wakamwingiza shule ya msingi, na sasa uzeeni naye ilimbidi atafute cheti pamoja na vijana wake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu, hapa ni kwako." Wakaniletea kiti kizuri. Nikakikataa, nikakaa mkekani pamoja nao, maana nilitaka kuona.

Basi ilikuwa ajabu yangu ya kwanza kujisikia nikifundisha huku nimekaa na wanafunzi. Sauti ikatoka redioni, kali kweli! Nikaona haya. Kumbe ndivyo ninavyowasemesha watu? Mwalimu mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, leo umeamka vizuri, juzi ulitugombeza." Wakacheka, nami nikacheka.

Ile sauti yangu ikauliza swali, kisha ikanyamaza kuwapa nafasi ya kufikiri. Kimya hicho nilikipigania sana na watu wa redio, wao wakisema redio hainyamazi. Siku zote nilijiuliza watu hufanya nini humo ndani ya kimya changu. Sasa nikaona. Hakuna aliyeshika kalamu. Wote waligeuka kumtazama mzee. Mzee akakohoa, akatazama juu, akasema jibu taratibu. Halikuwa jibu sahihi. Ndipo kalamu zote zikainama zikaandika.

Mmoja tu sikuweza kumwona uso. Alikuwa mwanamke aliyekaa ndani ya mlango, si barazani, amejifunika kanga na kutupa mgongo. Naye aliandika. Nikauliza huyu ni nani. Nikaambiwa ni mwalimu wa darasa la tano, tena ni mke wa mtoto wa mzee. Mumewe alivuka kwenda Pemba kwenye karafuu na kurudi kwake kulikuwa kwa ahadi zaidi kuliko kwa miguu. Watoto na wote mle ndani walikula mshahara wa huyu mkamwana na wa mzee. Mzee alikuwa anakaribia kustaafu. Mkamwana ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kusimama niseme, jamani, hilo si jibu! Nikajikaza. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni hagombezi barazani kwa watu.

Kipindi kilipokwisha nikamfuata mwanamke yule jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia anipishe kwenye mbuzi nikune mimi, yeye apumzike. Akakataa, nikakazania, akanipisha huku akicheka chinichini. Tukaongea mambo ya watoto, ya bei, ya vitenge vya magendo. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini yote aliyasema kwa kunong'ona. Baraza ilikuwa karibu.

Nikamuuliza, "Hebu nambie. Nusu ukiigawanya kwa robo?"

"Mbili," akasema hapohapo. "Nusu pishi ya mchele ina vibaba viwili. Robo pishi si ndiyo kibaba? Kila mwezi wa fitri tunapima, mwalimu. Nani asiyejua?"

"Salale! Mbona uliandika thumuni?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Baba alisema thumuni."

"Na ulijua si kweli?"

"Nilijua. Na wenzangu walijua, wengine. Sasa mwalimu, wewe ungekuwa mkwe wa mtu, ungeandika mbili? Karatasi zikirudi, yake ina mkasi, ya mkamwana wake ina vema. Kila mtu kijijini azione. Ningeshika wapi uso wangu?"

Nikakuna nazi mpaka nikakuna kifuu. Alikuwa amesema kweli tupu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa pwani. Mbele ya baba mkwe wangu sijawahi kutafuna kitu. Mkwe hustahiwa. Humtaji jina, humkazii macho, humpazii sauti. Mkubwa akishasema, mdogo anayefuata na jibu lake jingine ni mtovu wa adabu hata akiwa na haki. Hawakuwa wezi wala wajinga. Walikuwa wameleleka, na mimi ndiye niliyeliweka swali langu mahali ambapo adabu na hesabu haziwezi kukaa mkeka mmoja.

Nilirudi Tanga kichwa kinachemka kwa furaha. Kwa mkuu wangu nikaomba muda kidogo, nikakaa kuandika vijitabu upya. Nilijiuliza jambo moja tu: swali gani ambalo mkubwa hawezi kukujibia? Nikapata. Ni swali la kwako. Badala ya kuuliza mstatili una upande huu na huu, niliwaambia kila mmoja apime mlango wa nyumba anayolala yeye, atuletee vipimo, na atafute eneo lake. Badala ya kuuliza maji hukauka kwa nini, niliwaambia watie maji kwenye sufuria yao, waiweke nje, waandike walichokiona. Redioni nikafungua kipindi kwa kusema "Shikamooni," kwa kuwa wengi walikuwa wakubwa zangu, na fundi akaniambia baadaye kwamba kwao mtaani vizee visivyo wanafunzi vilikuwa vikiitikia "Marahaba!" kutoka vibarazani. Kisha nikawaambia, "Leo jibu la jirani yako halikufai, maana mlango wake si wako."

Majibu yakaja, lo! Sijawahi kusoma kazi kwa raha namna ile. Kule Amani, milimani msituni, maji ya sufuria hayakukauka, yaliongezeka, na mwalimu mmoja akaniandikia kwa hasira kwamba swali langu ni la watu wenye jua. Mwingine alipima mlango akagundua umepinda, akamwita fundi seremala akagombana naye. Tongoni kila karatasi ilikuwa na lake. Mzee alipima mlango wake, akakosea kidogo, akasahihishwa kidogo, na hakuna aliyekosea pamoja naye. Mkamwana wake alinipimia milango yote ya nyumba isipokuwa mmoja, wa chumba cha mzee.

Mkuu wa idara alizishika karatasi kama samaki aliyechina, anayenuka. "Sasa kila mmoja ana jibu lake. Tutasahihishaje?"

"Tutasoma, mkuu."

Akasonya. Lakini kituo hakukifuta.

Nikadhani nimemaliza kazi. Nilisahau kwamba baada ya karatasi kuna mtihani wa kufundisha. Hapo watahini wawili wanakwenda shuleni, wanakaa darasani, na mwalimu anafundisha mbele yao. Na sheria ya chuo ilikuwa mwalimu mkuu wa shule lazima awemo, ashuhudie. Nilipolikumbuka hilo nikajiuliza. Asiyeweza kuandika mbili mbele ya mkwe wake atawezaje kusimama ubaoni mkwe amekaa anamtazama?

Nikamwomba mwenzangu mtahini, mwanamume wa watu, mnyoofu kama rula, tumwache mzee nje. "Sheria ni sheria," akaniambia. Nikamwambia sheria hiyo imeandikwa na mtu asiye na mkwe. Hakucheka.

Tulikwenda Tongoni. Asubuhi zamu ya mkamwana, mchana zamu ya mzee mwenyewe. Mzee alielewa shida yetu bila kuambiwa. Aliingia darasani, akachukua kiti akakiweka nyuma kabisa, akageukia dirishani, nusu mgongo kwetu. Alijitahidi, maskini. Haikusaidia kitu. Mkamwana wake alisimama ubaoni kanga imeshuka usoni, akaanza somo la mzingo. Alichora bustani ya shule, urefu mita kumi, upana mita tano, akaeleza kwamba tunataka kuizungushia ua. Ninasema alieleza kwa sababu niliona midomo inacheza. Watoto wa dawati la pili walikuwa wanaulizana, anasemaje? Wa nyuma walishaanza kupigana viwiko. Nikamtazama mwenzangu, kalamu yake ilikuwa inakwenda mbio. Nikasoma kwa jicho la pembeni: *sauti haisikiki, darasa halishiriki*. Nilijua anaijua kazi hii kuliko nusu ya walimu wa mjini, na nilijua anaanguka mbele ya macho yangu.

Ghafla kiti cha nyuma kikalia. Mzee ameinuka. Nikadhani anatoka, nikashukuru Mungu. Hakutoka. Alikuja mbele mpaka dawati la kwanza, akamwambia mtoto, "Sogea baba," akajibana pale magoti yakimfika kifuani. Kisha akanyoosha mkono juu.

Mkamwana wake akabaki na chaki mkononi. Mzee akaendelea kunyoosha.

"Ndiyo, baba," akanong'ona.

"Mwalimu," mzee akasema, "sijasikia swali."

Akalirudia. Mzee akatega sikio kwa kiganja. Akalirudia tena, safari hii mpaka mimi nililisikia: ua wa bustani hii utakuwa wa mita ngapi?

Mzee akasimama wima, mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama. "Hamsini."

Hamsini! Mtu huyu ndiye aliyeizungushia ua bustani yenyewe, ilikuwa pale nje tunaiona, makuti yake yangali mabichi. Alikuwa amezidisha kumi kwa tano. Watoto wakamtazama mwalimu wao. Wengine walishajua, mikono ilianza kuinuka na kushuka kwa woga. Yule mwanamke alinitazama mimi, akamtazama mwenzangu, akatazama chini.

"Hapana," akasema.

"Mwalimu?" Kiganja bado kiko sikioni.

"Hapana!" Ikatoka kubwa, kubwa hata njiwa waliokuwa darini wakaruka. "Si hamsini. Umekosea. Hilo ulilotafuta ni eneo, ni pa kupanda mchicha. Mimi nimeuliza ua, nao unapita pembeni. Nani atamsaidia?"

Mikono yote ikawa juu. Kuanzia hapo sikumwona tena mke wa mtoto wa mtu, nilimwona mwalimu. Aliwatoa watoto nje wakaizunguka bustani wakihesabu kwa sauti, akamkaripia aliyeruka kona, akawarudisha ndani, akamwita mzee ubaoni arudie hesabu yake. Mzee akaenda akaifanya, kumi na tano, mara mbili, thelathini. "Vizuri, kaa," akamwambia. Mzee akakaa.

Mwenzangu alikata yale aliyoyaandika mwanzo akaandika mapya. Amefaulu, tena vizuri. Kisha akafungua karatasi ya mchana, ya mzee, ambayo bado ilikuwa tupu, na juu kabisa akaandika: *hajui mzingo*.

"Unafanya nini wewe?" nikamwambia, tena kwa sauti ya juu. "Huoni alichokifanya?"

"Nimeandika nilichokisikia."

"Umesikia kwa masikio ya ng'ombe!" Nikatoka nje nikimtafuta mzee, machozi ya hasira yananitoka. Nilimkuta anachota maji mtungini, anakunywa. Nikamwambia, "Baba, mzingo unaujua. Kwa nini? Yule bwana ameshakuandikia, na mchana ni zamu yako."

Akamaliza maji yake kwanza. Akafuta midomo.

"Na aandike, mwanangu. Mimi nimeshafundisha ya kunitosha." Kule darasani mkamwana wake alikuwa anawaaga watoto, anawagombeza wasisukumane mlangoni, na mzee aligeuza uso upande ule akasikiliza. "Aliingia nyumbani kwangu akiwa msichana. Kanizalia wajukuu, kaniuguza nilipougua. Leo ndiyo nasikia sauti yake."